Boksi la Plagi Nane

Yule mama wa stoo, kwenye duka la spea pale Igoma, hagusi kompyuta kabla hajalipima boksi kiganjani, macho kayafumba, kidole gumba kikipapasa pembe. Leo fundi wa injini za boti kutoka Sengerema amempita bila salamu na kuagiza plagi arobaini. Bosi wa duka anatazama kompyuta: boksi moja, plagi kumi. Anamtolea maboksi manne.

"Ongeza moja, bosi," mama anasema, amelishika mojawapo. "Haya ya leo yana nane nane."

"Mama, si boksi ni lilelile?" bosi anauliza.

Fundi anayafungua yote, anahesabu. Thelathini na mbili. Anavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," anaitikia bila kugeuka. Ameshafuta kumi kwenye kompyuta, anaandika nane kwa kidole gumba kilekile.