Mtungi Uliovaa Sweta

Mama Polepole alikuwa mtu wa kuogopa. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa simu inayolia wakati wa kula, na zaidi ya vyote aliogopa moto. Hata hivyo, ukimuuliza kazi yake, angekujibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ni dereva. Kila asubuhi aliwakusanya watoto sita kutoka majumbani mwao, akawapeleka shule ya chekechea, na mchana akawarudisha. Jina lile alipewa na madereva wenzake. Walisema konokono akiwa nyuma yake atampigia honi apishe njia.

Gari lake lilikuwa kigari cheupe chenye mlango wa kuteleza ubavuni, kilichokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwake. Viti vyake alivishona upya mwenyewe kwa kitambaa cha maua, pazia la zamani. Chini ya kiti cha dereva, umelala kwa ubavu, ulikaa mtungi mdogo mwekundu wa kuzimia moto.

Mtungi huo ulikuwa umevaa sweta.

Mwanzoni haukuvaa kitu. Lakini kila gari liliporuka tuta ulijigonga kwenye vyuma, na watoto wakaanza kuunyemelea kwa ncha za viatu. Siku moja alimkuta mmoja wao amekwisha kuingiza kidole katika ile pete ya pini. Alirudi nyumbani akiwa na picha kichwani: poda imejaa ndani ya gari, watoto wanakohoa, na yeye haoni barabara. Basi akatafuta uzi wa sufu wa kijani uliobaki kwenye kikapu chake, akaufumia mtungi sweta la kuubana kuanzia kitakoni hadi shingoni, akalifunga juu kwa kamba ya uzi uleule, fundo juu ya fundo. Pete haikuonekana tena. Kelele nazo zikaisha. Mama Polepole akashusha pumzi.

Madereva wa magari ya shule, waliokuwa wakisubiri watoto pembeni mwa ukuta, walipata burudani ya mwaka mzima.

"Shikamoo, mama," alisema Redio, dereva kijana wa gari la njano, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona mahali pa kumzimia. "Mtoto wa saba hajambo? Ameshanyonya?"

"Marahaba. Hajambo, amelala."

"Mtoe nje basi aote jua. Atapata matege huyo!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wao walikuwa na mtungi mmoja tu kwa magari yote, mkuukuu, uliochubuka rangi, wakiuita Babu. Siku ya ukaguzi Babu alipitishwa dirishani, kutoka gari lililokwisha kukaguliwa kwenda linalofuata, nyuma ya mgongo wa mkaguzi, na kila aliyempokea alimnong'oneza, "Shikamoo, Babu." Kila gari likapata stika yake. Mama Polepole alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kubishana. Ila kila alipocheka, mkono wake ulishuka chini ya kiti ukapapasa sufu.

Mumewe, fundi wa saa aliyefanya kazi sebuleni karibu na dirisha, hakucheka. Yeye alikuja na hoja.

"Hebu nikuulize, mama. Gari likishika moto, mtu afanye nini?"

"Atoke."

"Enhe! Atoke. Sasa mwenye mtungi hatoki. Anabaki palepale anapulizia kama fundi wa rangi, mpaka gari limlipukie usoni. Hicho kidude kinampa mtu ushujaa asiokuwa nao."

"Mimi nina ushujaa gani, Baba? Si unanijua?"

"Ndiyo maana nakwambia. Toa watoto, kimbia. Gari ni bati, litanunuliwa lingine."

Mama Polepole aliona mumewe anasema kweli. Hakuwahi hata kuujaribu ule mtungi, kwa sababu ukishafunguliwa umekwisha kazi, na kwa sababu aliuogopa pia. Lakini alipolala alijiuliza: na kama ndani ya bati kuna mtu?

Siku ile harufu ilianza asubuhi. Alipofungua mlango wa gari, pua yake ilikutana na petroli, kidogo tu, mfano wa mtu aliyepita na kuacha manukato yake nyuma. Alimwita mumewe. Akaja na kile kioo cha kazi bado amekibana jichoni, akanusa huku na huku.

"Pua yako hiyo," alisema. "Ikikosa cha kuogopa inatengeneza."

Akawapeleka watoto madirisha yakiwa wazi yote, kisha akaenda moja kwa moja kwa fundi wa magari. Fundi akalala chini ya injini, akatoka akijifuta mikono kwa tambara. Mpira wa petroli, alisema, umeanza kuchanika karibu na kibano. Amekikaza.

"Mpira mpya naupata jioni, mama. Wewe kwa mwendo wako ule, utafika tu."

Alitaka kuuliza, na nisipofika? Lakini vijana wa gereji walikuwa wameshaanza kutabasamu, na Mama Polepole alikuwa na hofu nyingine isiyosemwa, ile ya kuonekana mwoga. Magari ya wenzake yote yalikuwa yamejaa. Watoto sita wangesimama getini na mabegi mgongoni. Akawasha gari.

Mchana waliingia kwa kelele zao za kawaida, wakigombea dirisha. Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote, mtoto wa kiume ambaye wenzake walimwita Kimya. Tangu aanze shule hakuwahi kutamka neno ndani ya gari lile. Ukimwita, aliangalia viatu vyake. Alipita katikati ya magoti ya wenzake akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, kwenye kona.

"Bibi, kunanuka," alisema msichana mmoja kabla hawajafika mbali.

"Nyamaza, mwanangu. Hebu imbeni."

Wakaimba. Mama Polepole aliendesha huku kidevu kikiwa karibu na stelingi, jasho likimtiririka mgongoni, akinusa kila pumzi kama mtu anayeonja sumu. Mara harufu ilipotea, moyo ukatulia. Mara ilirudi kali zaidi, ikamkaa kooni. Alijiambia nikifika chini ya mteremko nitasimama, nitawapigia simu wazazi, wacheke wanaotaka kucheka. Walikuwa kwenye barabara ndefu inayopita nyuma ya maghala, ukuta upande mmoja, nyasi kavu upande mwingine. Ndipo alipoona uzi mwembamba wa moshi ukichomoza kwenye ukingo wa boneti.

Vumbi, alijiambia.

Lakini vumbi haliwi jeusi.

Alisogea pembeni, akazima injini, akavuta breki ya mkono. Aliufungua mlango wa ubavuni kwa nguvu, akasikia sauti yake ikitoka nyembamba, ya mtu mwingine: "Tokeni! Acheni mabegi! Shikaneni mikono!" Akawachomoa mmoja mmoja kwa makwapa na kuwatupa chini kama mizigo. Chini ya tairi la mbele ulimi wa moto ulichungulia, ukajirudisha, ukachungulia tena. Akawasukuma watoto mbio hadi kwenye ukuta, mbali, akawapanga migongo ukutani, akawahesabu.

Watano.

Akawahesabu tena, safari hii akigusa kila kichwa. Watano.

"Kimya!" aliita. "Kimya, mwanangu!" Na hapohapo akajua upumbavu wa kumwita mtoto asiyeitika.

"Yumo, Bibi," yule msichana alisema huku analia. "Ameingia chini ya kiti. Amejificha."

Gari la njano lilifunga breki nyuma yao. Redio akaruka nje, mikono kichwani.

"Mama, rudi huku! Litalipuka hilo!"

"Mtungi! Lete mtungi!"

"Sina! Babu hayupo kwangu!"

Magari mawili yalipita. Wote waliokuwemo walipandisha vioo, wakakanyaga mafuta.

Alisimama baina ya ukuta na gari. Kila kiungo mwilini mwake kilimwambia abaki pale. Sauti ya mumewe ilikuwa wazi masikioni, kimbia, gari ni bati, na hakika miguu yake ilikuwa imeshageuka nusu. Hakuna ushujaa wowote uliomjia. Kilichomjia ni picha ya mtoto aliyejikunja kwenye giza, akisubiri moto umpite kama watoto wanavyosubiri kelele za wakubwa zipite. Akajikuta kwenye mlango wa dereva, mkono chini ya kiti.

Mtungi ulitoka. Sweta halikutoka.

Mafundo yake mwenyewe yalimshinda. Alivyozidi kuvuta, uzi ulizidi kujibana. Joto lilimpiga shavuni kutoka kwenye dashibodi, plastiki ikaanza kunuka na kujikunja. Akauma uzi kwa meno, akaukwanyua, akaona pete ya pini imenasa kwenye sufu, akavuta vyote kwa pamoja huku akilia kwa sauti, "Toka! Toka, toka!" Pini ikachomoka na nusu ya sweta.

Alipobonyeza mara ya kwanza poda ilimrukia usoni mwenyewe. Mara ya pili aliinama, akaelekeza chini, pale ulimi wa moto ulipotokea, kisha kwenye upenyo wa boneti. Wingu jeupe likafumba sehemu yote ya mbele. Moto ukanywea. Haukuzimika, ulinywea tu, ukawa unatafuta njia nyingine.

Redio alikuwa ubavuni mwake, sijui tangu lini.

"Shika!" alimwambia, akamsukumia mtungi kifuani. "Bonyeza hapo chini, bonyeza kidogo kidogo!"

"Mama, unaenda wapi? Mama!"

Aliingia kwa magoti. Ndani moshi ulikuwa umeshuka hadi kwenye viti, lakini sakafuni kulibaki hewa kidogo. Alitambaa juu ya mabegi na chupa za maji, akapapasa chini ya kiti cha nyuma, akashika kiatu. Akavuta. Mtoto hakuja. Alikuwa ameukumbatia mguu wa chuma wa kiti kwa mikono yote miwili, macho amefumba, midomo amebana. Mama Polepole alivuta tena, na mtoto akazidi kukumbatia.

Nje, Redio alipiga kelele. "Inaisha, mama! Inaisha!"

Hakuwa na nguvu za kumbandua wala sauti ya kuamrisha. Akalala kifudifudi sakafuni, uso kwa uso na yule mtoto, akamwambia sikioni, kwa pumzi iliyokuwa ikikatika:

"Na mimi naogopa. Njoo tukaogope nje."

Mikono ikalegea.

Hawakuwa wamefika mbali moto uliporudi. Ulirudi kwa mngurumo, ukapasua kioo cha mbele, ukaingia kwenye viti vya maua. Redio aliutupa mtungi mtupu kwenye nyasi, akamnyang'anya mtoto, wakakimbia hadi ukutani. Redio alinyamaza, midomo na nyusi zake nyeupe kwa poda, akiangalia gari lake la njano lililojaa watoto wa watu, kama mtu anayelitazama kwa mara ya kwanza.

Watoto wa gari la Redio hawakuacha nafasi hata ya paka. Mama Polepole alisema watatembea. Hakukuwa mbali tena. Waliandamana wakishikana mikono, yeye mbele, Kimya kando yake. Mtungi haukuliokoa gari, alifikiri, na mumewe angeweza kulisema hilo akitaka. Ulimnunulia muda wa kutambaa kwenda na kutambaa kurudi, basi. Na karibu muda huo aumalize kwa kufungua mafundo. Wazo hilo lilimfanya asimame katikati ya njia, na watoto nyuma yake wakagongana.

"Bibi, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Twendeni."

Nyumba kwa nyumba aliwakabidhi. Kimya alikuwa wa mwisho. Mama yake alifungua geti akiwa na ungo mkononi.

"Mbona kwa miguu? Gari limewagomea?"

Angeweza kuitikia ndiyo, yakaisha.

"Limeungua," alisema. "Niliwatoa wenzake, huyu nikamwacha ndani. Sikujua. Nikarudi kumchukua."

Yule mama aliweka ungo chini, akachuchumaa, akanusa nywele za mwanawe. Kisha akambeba, akaingia naye, na geti likajifunga lenyewe.

Mama Polepole alibaki nje. Alishika nguzo ya geti. Aliona kila kitu upya: wale watano ukutani, kiatu, fundo lisilofunguka. Ndani, nyuma ya geti, alisikia sauti ya mwanamke ikiuliza taratibu.

"Hapa panauma? Na hapa? Na hapa je?"

Mtoto, kama kawaida yake, hakujibu. Mama Polepole aliegemeza sikio kwenye bati la geti, akazuia pumzi, akasubiri kilio kimoja ambacho kingemwambia kwamba alichelewa. Maswali yaliendelea, bega, mgongo, goti, kidole kwa kidole cha mguu. Kisha akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kilio hakikuja. Hata hivyo alisimama pale muda mrefu zaidi, kuhakikisha.