Kasuku Aliyeitikia Kikohozi

Nilipokuwa mtoto, kabla ya vita vya pili, nyumbani kwetu Kariakoo kikohozi cha mtoto hakikuachwa bila jibu. Wengine huitikia chafya tu; Bibi, mama yake baba, aliitikia na kikohozi. "Kua!" alisema, na sisi alitutaka tuseme vilevile, akitueleza: "Kisipopata wa kukiitikia, kitaondoka na mtoto."

Mdogo wangu Sudi alipopatwa na kifaduro, Bibi aliitikia mchana kutwa, hata kasuku wake, aliyekaa katika tundu la waya dirishani, akajifunza. Sudi akikohoa tu, ndege naye "Kua!", kwa sauti ya Bibi na ukali wake uleule.

Jirani yetu, Mama Zena, hakupenda. "Bi mkubwa, ndege akiitikia ugonjwa, ugonjwa unaona umepata mwenyeji. Mchinje huyo."

"Nimchinje, nimle na mchicha?"

"Cheka tu. Mtoto anakwisha."

Hilo lilikuwa kweli. Sudi alikuwa mbavu tupu, akila anatapika. Mimi, mwenye wasiwasi tangu utoto, niliwaamini wote wawili kwa zamu.

Asubuhi moja, mama akiwa sokoni, tulimwacha Sudi usingizini, tukaenda na Bibi kwenye bomba la mtaani, mbele ya nyumba. Tulikuwa tumesimama nyuma ya Mama Zena. Bibi alikuwa ameshika debe, kinywa amefumba, nami nikasikia sauti yake ikitoka chumbani kwetu: "Kua! Kua! Kua!"

Mama Zena akageuka, akamtazama Bibi mdomoni. Bibi akatupa debe akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Sudi alikuwa amepaliwa, midomo imekuwa myeusi, sauti hana. Bibi akamlaza kifudifudi mapajani, akamtoa makohozi kooni kwa kidole. Kimya. Kisha pumzi ikaingia kwa mlio mrefu, kama jogoo anayejifunza kuwika.

"Kua!" tukapiga kelele sote, na aliyetushinda kwa sauti ni Mama Zena, pale mlangoni. Jioni alileta karanga za kasuku, akimwita Bwana Mganga.

Chuo kikuu nilisoma kwamba kifaduro huletwa na bakteria, kwamba mtu humwambukiza mwenzake kwa kukohoa, na kwamba mbwa nao wana kikohozi chao, kinacholetwa na bakteria wa ukoo huohuo. Kasuku hakuugua wala hakuponya; aliiga tu. Lakini Bibi alitaka kikohozi cha mtoto kisikose wa kukiitikia, na siku ile hakikukosa.

Sudi siku hizi huinama kupita mlango wa Bibi. Akikohoa, namwambia vilevile: kua.