Sponji ya Kiti cha Dereva

Siku ile, kwenye karakana ya mtaa wa Gerezani, tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa mwisho wa kiume, na fundi wa viti vya magari, mtu wa makamo mwenye vumbi la sponji hadi kwenye kope.

Gari la marehemu baba ndilo linalotulisha. Ni la zamani, na watu wa harusi wanalipenda. Naliendesha mwenyewe, niliacha shule ili wadogo zangu wasome. Familia moja ya Upanga ilitaka kulikodi kumbeba bi harusi, ila kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea vibaya, wakasema watakuja kukitazama tena jioni. Wangelikataa, mdogo wangu wa kike angerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Fundi alinitania kwamba nikikaa kwenye shimo lile watu watadhani gari linajiendesha. Akachana kava. Sponji ya juu ilimwagika kama unga wa njano. Chini yake, upande aliokuwa akiegemea baba, kulikuwa na vipande vya sponji nyingine vilivyokatwa kwa kisu na kupangwa, vingine bado vina kitambaa cha maua ya zambarau.

Mdogo wangu wa kike alichukua kimoja, akakaa chini palepale.

"Dada, hili godoro la mama."

Nilikuwa nimeshalijua. Mama aliugulia juu yake mpaka mwisho. Kwetu, matandiko ya marehemu wa kike hupewa mwanamke aliyeosha maiti yake. Baba alilifunga juu ya gari mbele yetu, akasema anampelekea. Kumbe alikwenda kulikata. Miaka yote ile alikuwa akishinda amelikalia, asubuhi mpaka usiku, na sisi tukidhani hapendi kukaa nyumbani.

Mdogo wetu wa kiume aliomba virudishwe chini ya sponji mpya. Fundi alinitazama mimi.

"Imeoza, dada yangu. Nikiirudisha, kiti kitazama tena."

"Kipande kimoja tu," mdogo wangu wa kike akasema. "Nikae nacho."

"Si chetu," nikamwambia. "Ni cha bibi aliyemwosha mama."

Alinitazama kana kwamba nimemzika mama mara ya pili. Hakunipa kile kipande. Kilimomonyokea mkononi mwake, akabaki ameshika kitambaa. Hicho sikumdai.

Fundi alikata sponji mpya, ngumu, akanikalisha juu yake kabla ya kuvisha kava, akachora chaki kufuata mapaja yangu na kupunguza kwa kisu. Ya zamani aliijaza kwenye kiroba, mkokoteni wa taka ukaichukua. Nilipokaa nyuma ya usukani niliona barabara yote, juu kuliko nilivyowahi kuiona. Tulirudi nyumbani.

Watu wa Upanga walilikubali gari. Ada ikalipwa.

Yule bibi aliyemwosha mama yupo Ilala, siku hizi anatembelea mkongojo. Nikimpa shikamoo anaitikia marahaba, ananishika mkono na kuwaulizia wadogo zangu mmoja mmoja. Kuhusu godoro hajauliza hata siku moja. Safari ya mwisho nilichungulia chumbani kwake nilipokuwa namsaidia kuingia: analala juu ya mkeka na blanketi lililokunjwa mara mbili. Niliaga haraka. Godoro la badala ya lile bado sijampelekea.