Lifti Iliyokufa na Mwenye Nyumba wa Ng'ambo

Nesi mstaafu, mweka hazina wa jengo lao la ghorofa, alimkuta jirani yake mwenye mguu mmoja akishuka ngazi kwa makalio. Hasira zikampanda. Lifti ilikuwa imekufa, na mwenye nyumba ya ghorofa ya juu kabisa, aishiye ng'ambo na kuipangisha, hakuwa amelipa ada ya matengenezo miaka mitatu. Akampigia palepale.

"Mama, mimi sikai huko. Hiyo lifti naipandia wapi?"

"Mpangaji wako anaipanda, na kodi yake unaila!"

Jamaa akakata simu. Nesi akaenda mahakamani, na hakimu akaamuru kodi ya mpangaji yule ilipwe kwenye mfuko wa jengo mpaka deni liishe. Lifti ikatengenezwa. Jamaa alipopiga kuomba yaishe, nesi alifoka, "Mwombe radhi jirani yangu kwanza!"