Gari Lililogoma Kurudi Nyuma

Mume wangu ni fundi wa giaboksi za otomatiki, na hata kivuli chake hakiamini. Mteja akimwambia, "Fundi, jana gari lilikuwa zima kabisa," yeye huitikia "Naam," kisha humkata jicho. Anasema wenye magari wote ni waongo, wanazidiana tu. Miaka kumi na tisa nimeishi na mtu anayenusa chai niliyompikia kabla ya kuinywa.

Karakanani alikuwa na mdogo wangu, shemeji yake, kwa mwaka wa kumi na moja. Mdogo wangu ana mikono mepesi na maneno machache. Wateja walipokutana nami njiani waliniuliza, "Yule ndugu yako yupo leo?" Hakuna aliyeniulizia mume. Hilo sikumwambia, nami si mjinga.

Jumatatu moja asubuhi gari langu liligoma kurudi nyuma. Nilitia rivasi, injini ikanguruma, gari likaganda palepale. Mbele lilikwenda bila matata, basi nikalipeleka karakanani moja kwa moja.

Mume wangu alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi: ilikuwa kwenye alama. Akaacha injini ipate moto, akapima tena: vilevile. Akaitikisa waya ya gia, haikuwa imelegea.

"Rivasi inataka presha kubwa kuliko gia za mbele," alinieleza. "Ndiyo maana ugonjwa huanzia hapo."

Halafu akadondosha oili kwenye kitambaa cheupe. Ilitakiwa iwe nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, nzito.

"Hii siyo niliyotia mimi wiki iliyopita," alisema. "Kuna mtu kaingiza mkono." Akamgeukia mdogo wangu. "Nasikia unataka kufungua karakana yako. Ndiyo uniharibie jina, tena kwa gari la dada yako?"

"Shemeji, angalia unachosema."

"Nimeshaangalia."

Mdogo wangu alivua ovaroli, akaitundika, akakusanya spana zake na kuondoka. Hakunitazama hata mimi. Niliumia, kwa sababu nilijua kwamba akivuka lango lile, karakana imekwisha, na undugu nao haujulikani.

Hapo nikampa mume wangu vidonge vyake. "Aliyetia hiyo oili ni nani? Si wewe? Si ulinitoa hata mimi nje, ukafunga mlango?"

Ndivyo anavyofanya. Kila kopo jipya la oili hulikwangua nembo kwa kisu, ili shemeji yake asijue anatumia oili gani akaenda kuiga. Na kumimina humimina peke yake, kama mganga na dawa zake.

Aliingia stoo, nikamfuata. Makopo sita yalikuwa yamepangwa, yote yamekwanguliwa, hakuna tofauti. Alifungua moja, akachovya kidole, akanusa. Akafungua la pili. Kwenye la tatu alikaa juu ya tairi bovu, kidole bado hewani. Giaboksi yangu alikuwa ameitia oili ya injini.

"Nipeleke kwake," alisema.

"Kichochoro chao hakina pa kugeuzia. Tukiingia hatutoki."

"Twende tu, mama watoto."

Tukaingia mpaka mlangoni kwa mdogo wangu. Alitoka, akatuangalia, akaangalia ukuta ulio mbele ya gari, akaelewa. Aliweka bega kwenye boneti, mume wangu akaweka lake, wakaanza kulisukuma kinyumenyume huku mimi nimeshika usukani. Vioo vilikuwa wazi. Nilisikia kila neno.

"Ni mimi," mume wangu alisema, akihema. "Nilikosea kopo. Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Nilijua tangu ilipodondoka pale kwenye kitambaa. Ile ni ya injini."

"Sasa mbona hukusema?"

Mdogo wangu aliacha kusukuma.

"Ningesema, ungeniamini?"

Nilimwangalia mume wangu kupitia kioo cha mbele. Namjua anapotafuta uongo, namjua anapotafuta hasira. Siku ile alitafuta jibu na hakulipata. Wakasukuma tena mpaka tukafika barabarani.

"Rudi kazini," mume wangu alimwambia.

"Hapana, shemeji," mdogo wangu alisema, akampa mkono, na akarudi kwake kwa miguu.