Mzee Tian Aliyeajiriwa Kuogopa

Kwa miaka thelathini jirani yetu Tian Guangmao alijifunga kamba kiunoni, akashuka kwenye ukuta wa mlima kuchuma uyoga wa mawe. Saa ya chakula ikimkuta hukohuko, alikula viazi vyake akining'inia. Kwa hiyo kampuni ilipojenga daraja la kioo kati ya vilele viwili, Meneja Qin hakuhangaika kutafuta shujaa wa kuwavusha wageni waoga.

Siku ya ufunguzi Tian alivishwa fulana nyekundu, akakanyaga kioo mbele ya kamera. Hatua ya tatu akatazama chini. Akakaa kitako, kisha akalala kifudifudi.

"Mzee Tian, inuka! Watu wanatazama!" Meneja akanong'ona.

"Kamba iko wapi?"

"Kamba ya nini? Hiki kioo kinabeba hata lori!"

"Basi lete lori likuvushie wageni."

Aliyemburuta hadi ng'ambo ni bibi mmoja, mgeni kutoka mji wa Changsha, miaka sabini na kitu, mwavuli kwapani. "Fumba macho, mwanangu, twende." Video ikasambaa nchi nzima.

Jioni mkewe, Cui'e, alimwekea nyama ya kukaushwa kwa moshi, akacheka mpaka machozi. "Miaka yote nakuomba uogope kidogo tu, kumbe hofu yote ulikuwa unaiweka akiba!"

Tian alijua kazi imekwisha. Lakini wiki ya pili Meneja alipanda kijijini mwenyewe: wageni walikuwa wanamuulizia mzee anayetambaa. Akaajiriwa upya, safari hii kuogopa, mara tatu kwa siku. Hakuigiza. Alitetemeka kweli, akaloa jasho kweli, na watu wakapanga foleni wamburute. Aibu ilimtafuna, ila mshahara uliushinda uyoga mbali sana.

Mwili nao huzoea. Mwezi wa tano wa kazi hiyo alijikuta amesimama katikati ya daraja, anawaza kama amefunga banda la nguruwe. Meneja akamwita.

"Mzee, siku hizi unatembea."

"Nimepona, Meneja."

"Nani kakutuma upone?"

Akapewa siku tatu airudishe hofu yake. Alijitahidi, akapiga mayowe, akajitupa chini, hadi mtoto mmoja akamwambia mama yake, "Babu huyu mwongo." Siku ya nne fulana ikavuliwa.

Akiwa anaondoka, alimsikia Meneja akifoka kwenye simu: upande wa chini wa kioo umechafuka, na mafundi wa mjini wamekataa kuning'inia huko. Tian akarudi ofisini.

"Nipe ndoo," akasema.

Sasa ni mwaka wa pili. Anabembea chini ya daraja, kamba kiunoni na kitambaa mkononi, ametulia kama mtu aliye barazani kwake. Wageni waliolala kifudifudi kwa woga wakifumbua macho, wanakutana na uso wake upande wa pili wa kioo. Yeye huwapungia mkono kwa adabu, nao hupiga kelele zaidi. Malalamiko yake ni mbayuwayu tu, wanaochafua pale alipotoka kufuta.