Shiraa ya Mavyaa Wangu Mlangoni pa Waalimu

Aibu yangu haina haja ya kutafutwa, imeshajulikana mtaani kwetu Langoni kote na imevuka mpaka mitaa ya pili, na watoto wanaiigiza kwa mikeka ya mama zao, mmoja mbele mmoja nyuma, kisha wanaangushana. Basi ni afadhali niieleze mwenyewe kwa mkono wangu (baba alinisomesha mpaka nikaweza kuandika, na hilo ni jambo ambalo mavyaa wangu, mama wa mume wangu, hajanisamehe) kuliko kuwaachia watu watie chumvi. Nilisimama kichwa wazi, mchana, mlangoni mwa chuo kipya cha Kurani, mahali ambapo wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamekaa. Ndiyo hiyo. Sasa sikilizeni nilivyofika hapo, maana sikufika peke yangu, nilifikishwa.

Bibi aliyekuwa akisomesha wadogo wa mtaa wetu aliingiwa na ukungu wa macho akaacha, na watoto wakawa wanashinda vichochoroni wakitupia paka mawe. Ndipo wakaja ndugu wawili kutoka Mbwajumali, upande wa Pate, Mwalimu Omari na dada yake Bi Mize, wakapewa nyumba karibu na kisima, kaka asomeshe wavulana chumba cha mbele, dada asomeshe wasichana cha ndani. Kabla ya kuanza wakasema wanataka kujijulisha kwa wazazi, kwa sababu mtu hamkabidhi mwanawe kwa asiyemjua. Siku ni Alhamisi baada ya alasiri, wanaume wakae na Mwalimu Omari kwenye daka, ile baraza ya mlango mkubwa, na kina mama waingie kwa Bi Mize kwa mlango mdogo wa pembeni. Bi Mize akaongeza sharti lake: chumba ni kidogo, wasichana atachukua wachache, na kila mama aje mwenyewe na mwanawe, asitume shangazi wala mtumishi.

Mimi nina mmoja, Saada, ndiyo kwanza meno ya mbele yanamng'oka. Nilimtaka kwa Bi Mize kwa sababu ilisemwa kwamba anawafundisha wasichana kuandika, si kusoma tu.

"Asome, haya," mavyaa akasema nilipomweleza. "Aandike, amwandikie nani?"

(Mume wangu alikuwepo, anakula. Yeye mama yake akianza kusema huwa ana njaa sana.)

"Basi ukenda, wenda kwa shiraa yangu. Mke wa nyumba hini hapiti ndiani na hayo manguo meusi yaliyokuja juzi. Na ukitutia aibu, mwana huyo atasomea jikoni. Umenisikia?"

Nilimsikia. Jirani wa nyumba ya tatu alimsikia.

Shiraa, kwa asiyeiona, ni kitambaa kikubwa mfano wa hema, kinashikiliwa juu kwa miti minne, na mwanamke wa nyumba kubwa hutembea ndani yake asionekane hata kisigino. Ni jambo la heshima, sikatai, lakini miti ile haijishiki. Zamani ilishikwa na wanawake watumwa wa nyumba, na sasa watu wamepata uhuru wao. Nikaenda kwa Tausi, aliyeishika miaka yote ya ujana wa mavyaa, siku hizi anauza mahamri kwenye kona. Nikamuomba, Alhamisi moja tu.

"Mwanangu," akasema, wala hakuacha kugeuza mahamri, "shiraa hiyo nimeishika tangu kifua changu ni bapa. Mikono hii sasa ni yangu. Shikani wenyewe."

Nikanunua mahamri nikarudi.

Akajitolea jirani yangu Rukia, ambaye hana mtoto wa kupeleka chuoni ila ana macho ya kutazama. Mimi nishike miti ya mbele, yeye ya nyuma, Saada katikati. Rukia alikuja na buibui mbili, moja ameshaivaa.

"Vaa hini chini, somo. Shiraa ni hema, na hema huanguka."

"Kwa joto hili? Nichemke kama muhogo? Shiraa yatosha."

Hapo. Mkitaka kujua kosa lilipozaliwa, ni hapo, mimi nimejifunga leso yangu kifuani, nimesuka nywele zangu vizuri ili Bi Mize anione mtu wa maana nikishaingia ndani, na buibui ya Rukia naiacha kitandani kwa sababu ya jasho.

Tukatoka. Ndani ya shiraa kulikuwa na giza na harufu ya udi, maana mavyaa alikuwa ameifukiza tangu asubuhi mpaka ukipumua ni kama maiti unayeoshwa (Mungu anisamehe), na vichochoro vyetu mnavijua, watu wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, sembuse hema, miti inakwaruza kuta huku na huku, chokaa inatumwagikia, Rukia nyuma ananisukuma halafu ananilaumu kwamba nakimbia, na watoto wa mtaani wameshatuona, wanatufuata wakiimba, "Hema latembea! Hema latembea!" na Saada ananivuta leso kila hatua, "Mama, tumefika?" Nikamwambia akiuliza tena atasomea jikoni kweli.

Sasa lijueni hili, kwa sababu ndilo lililoniua: mbele yako huoni ila ardhi. Unaona vidole vyako, mavi ya punda, maji ya mfereji, na chini ya milango. Mlango wa nani ni upi, unajua kwa viatu vilivyovuliwa pale. Makubadhi makubwa, hapo ni wanaume, pita. Mitalawanda, vile viatu vya mti ambavyo sisi wanawake tunatembelea nyumbani, hapo ni kwetu, ingia. Sikupata kumuona mwanamke wa Langoni akapotea kwa njia hiyo.

Tulipopita kisima nikatazama chini. Mlango wa kwanza una ngazi, na kwenye ngazi jozi ya mitalawanda, safi, ina majimaji, na kando yake viatu vidogo vya watoto. Makubadhi sikuyaona hata moja. (Wanaume walikuwa wameyaingiza ndani ya daka, chini ya baraza, kwa kuogopa wezi, na mitalawanda ilikuwa ya Mwalimu Omari mwenyewe, ametoka kutawadha. Mwanamume mzima!) Nikamwambia Rukia, "Ni hapa," nikapanda.

Ndani kimya. Baadaye niliambiwa walikuwa wameinua mikono kwa dua. Mimi nikaona, mashallah, wanawake wenye adabu, hawapayuki kama wa kwetu, nikapaza sauti nisikike nje ya kitambaa:

"Asalamu alekum, wanawake wenzangu!"

Hawakujibu.

"Nimekuya mwenyewe, kama mlivyotaka, na mwanangu huyu. Na mavyaa wangu asiwatishe, yule ana maneno tu."

Akakohoa mtu. Kikohozi kizito, cha kifua cha mwanamume mwenye ndevu. Nikataka kurudi nyuma, lakini miti ya mbele ilikuwa imeshakwama baina ya baraza mbili, na nyuma, kichochoroni, akaja punda amebeba mawe ya kujengea, na mwenyewe yuko huko nyuma ya shehena anapiga kelele, "Simile! Simile!"

"Simile nende wapi, nami niko mlangoni?" Rukia akamjibu.

Punda hakungoja majibu. Alimsukuma Rukia, Rukia akainua miti yake ya nyuma asianguke, nami miti yangu imekwama, basi shiraa ikapinduka, ikapita juu ya vichwa vyetu kama mtu anavyorusha wavu wa samaki, ikaenda ikawafunika wanaume wote waliokuwa kwenye daka, baraza ya kulia na ya kushoto na Mwalimu katikati. Kukasikika mti unavunjika. Na mimi nikabaki nimesimama kwenye ngazi, leso moja, nywele nje. Rukia kando yangu, buibui yake imekaa sawasawa kama anakwenda kuzuru kaburi.

Chini ya kitambaa kulikuwa na vita.

"La haula! Nani kazima mchana?"

"Ondoa goti, Bwana, hilo ni tumbo langu!"

"Ni nini hiki, tanga?"

"Tanga gani linanuka udi?"

Halafu sauti moja ya taratibu, ya kigeni, ikasema, "Mabwana, tulieni. Tumefunikwa tu." Ndivyo nilivyojuana na Mwalimu Omari.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Hapana aliyejua shiraa ni ya nani. Ningekimbia, yangeisha, wangekaa mwaka mzima wakibahatisha. Nikamshika Saada mkono. Lakini Saada alikuwa ameinama anatazama miguu iliyotokeza kwenye pindo, akainyooshea kidole na kupiga kelele za furaha:

"Baba! Toka humo! Hiyo ni shiraa ya bibi!"

Kitambaa chote kikatulia.

Aliyeniokoa ni mwanamke mfupi aliyetokea mlango wa pili ndani ya buibui yake, hakupiga ukelele wala hakuuliza, aliifungua buibui upande mmoja akanitia kwapani kama kuku na kunipeleka ndani, ambako kina mama walikuwa wamesikia kila kitu, na wengine walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Nilisema nakwenda zangu nyumbani.

"Kaa," akasema. "Mimi ni Mize. Nilikuwa nataka kujijulisha, naona wewe umenitangulia." Kisha akamgeukia Saada. "Na wewe ulijuaje kama babako yumo?"

"Kwa mguu. Kidole chake kimoja kimempanda mwenziwe."

Bi Mize akanitazama. "Mwana aonaye hivi hapati tabu na herufi. Mlete Jumamosi."

Nikalia. Si kwa furaha, kwa hasira, maana nilijua nimepewa nafasi ambayo nyumbani tayari nimeshanyang'anywa.

Na kweli, habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mavyaa alikuwa ameketi wima kama nguzo.

"Jikoni," akasema. Neno moja, basi.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulikuwa chini yake. Udi wa mamako uliujua. Mbona hukusema neno, hukumwambia mtu geuka, hukufanya lolote?"

"Ningesema nini? Nipige mbiu kwamba yule ni mke wangu?"

"Kwa hivyo umemwachia mtoto akupigie."

Akauliza kuna chakula gani. Niliposema hakuna, nilimaanisha hakuna.

Ijumaa, watu wamesharudi msikitini, tukasikia hodi. Ni Bi Mize, ameibeba shiraa kichwani, imekunjwa vizuri, na miti yake minne, mmoja vipande viwili. Akamwamkua mavyaa kwa heshima zote, akataja jina lake na la baba yake na kwao. Mavyaa alichelewa kumwambia kaa.

"Umeona mke wa mwanangu alivyotuvua nguo?"

"Bi, sikuona hivyo. Niliyoona mimi ni wanaume wamevaa shiraa. Yeye hapana mwanamume aliyemtia matoni, wote walikuwa wamefunikwa. Aliyemuona ni punda."

"Na mwenye punda?"

"Yuko nyuma ya mawe yake, kasikia kelele tu. Nimemuuliza."

Mavyaa akaivuta shiraa mapajani, akaipapasa pindo mpaka pindo akitafuta palipochanika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimemshika Saada mabega, nadhani nilimuumiza.

"Iliwatosha wote?" akauliza.

"Wote, Bi. Na nafasi ikabaki."

"Enhe." Akaigeuza upande wa pili. "Kaishona mamangu hini. Siku hizi hamshoni nguo pana kama hizi."

"Hatushoni," Bi Mize akakubali. "Hata baina ya vyumba vyetu, pale wazi, wana wa kiume na wa kike tunataka kuwatenga, na pazia la kutosha hatujapata."

Alisema hivyo akatazama kwingine. Yule mwanamke, mnayemdharau ati katoka shamba, angeweza kumuuzia samaki maji ya bahari. Mavyaa akaendelea kupapasa, kisha akasema isitundikwe ikagusa vumbi, na isifuliwe na mtu ovyo, na kwa kuwa hapana mwingine ajuaye kuifukiza, ataifukiza yeye, na shiraa ya nyumba haiwezi kwenda chuoni mjukuu wa nyumba akabaki jikoni, watu watasemaje?

Jumamosi Saada akaenda. Anakaa hapo hapo kwenye pazia, mgongo wake unaligusa, anarudi ananuka udi.

Msidhani yamekwisha. Mavyaa maneno yangu ya mlangoni aliyapata yote, akayaweka, na sasa kila akitaka kunituma huanza, "Mimi nna maneno tu, lakini hebu nitekee maji." Mume wangu kanzu zake anajifulia. Na mimi buibui naivaa hata kwenda kisimani, kwa jua la saa sita, nachemka kama muhogo na sisemi kitu.

Hasira iliyonibakia niliipeleka kwa Mwalimu Omari. Nilimtuma Saada amwambie, kwa maneno haya haya, kwamba mwanamume mwenye akili havui mitalawanda mlangoni akapoteza wake za watu, aivue ndani.

Saada akarudi na jibu. "Mwalimu amekusalimu. Amesema ataivua ndani tangu leo, lakini nawe, mama, siku ile mbona hukubisha hodi?"

Nikataka kumjibu. Nikafikiri, nikarudia siku ile yote kichwani, kuanzia kisimani mpaka kwenye ngazi. Kweli, hodi sikubisha. Sasa nabisha hata jikoni kwangu.